Mwanya si pengo: maneno ya uwazi katika historia ya kwetu

Leo sileti habari za barabara wala bei ya mihogo sokoni. Nataka tuongee juu ya maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyapima: mulango, mwanya, pengo, ufa, nafasi. Ni maneno madogo, lakini kwa mtu aliyekimbia nyumba yake, neno moja likiwekwa mahali pa lingine linaweza kumrudisha shambani siku ambayo si ya kurudi.

Chukua maneno haya: "Njia imefunguka." Yanasemwa redioni mara nyingi, na wanaoyasema hawana nia mbaya. Mama aliyeko Kasongo na watoto watano akiyasikia, anaanza kufunga sufuria na magodoro. Lakini pengine ukweli ni kwamba leo asubuhi doria ya wanajeshi imepita, nyuma yake zikapita pikipiki mbili na watu wa kinga wenye mafuta ya mawese, na kesho hakuna anayejua. Hapo njia haijafunguka. Kuna mwanya tu. Njia ikifunguliwa, kuna mtu au serikali iliyoifungua, na unaweza kwenda kumuuliza kama itakuwa wazi hata wiki ijayo. Mwanya hauna mwenyewe. Unatokea, unaupita, na nyuma yako unaweza kujifunga.

Maana ya kwanza ya maneno haya iko mdomoni mwetu. Mwanya ni ule uwazi kati ya meno mawili ya mbele ya juu ambao mtu anazaliwa nao. Sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki wanauhesabu kuwa urembo. Msichana mwenye mwanya akicheka, watu wanageuka. Pengo ni kitu kingine. Pengo linakuja jino likitoka. Mtoto wa miaka sita au saba ana pengo, na tunamtania kwa sababu jino lingine liko njiani. Mzee ana pengo na hakuna jino linalokuja. Ndiyo maana kwenye matanga tunasema marehemu ameacha pengo, na hujasikia hata siku moja mtu akisema ameacha mwanya. Penye mwanya hapajawahi kuwa na kitu, lakini pengo bado linakumbuka kilichokuwa pale.

Sasa sikiliza tunavyosema "pengo la usalama". Kama kijijini kulikuwa na kituo cha wanajeshi, kikaondolewa, hilo ni pengo kweli, na wakaaji wana haki ya kuuliza kwa nini jino limeng'olewa. Lakini kuna vijiji vya huku kwetu ambavyo havijapata kituo tangu babu zetu. Kusema pengo hapo ni kumsifu mtu kwa jino ambalo hakuwahi kuwa nalo. Mimi naona tofauti hii si ya walimu wa lugha peke yao. Anayeuliza kwa nini kituo kimeondolewa anadai kirudishwe, na anayeuliza kwa nini hakijawekwa ana madai ya namna nyingine, yanayopelekwa pengine kwa mkubwa mwingine.

Wengi wenu mna watoto au ndugu waliofika Uganda. Wengine wako kambini, wengine wanatafuta maisha Kampala, na kwa simu wanatuletea Luganda kidogo kidogo. Waganda wana methali ambayo kila mtoto wao anaijua: Agali awamu ge galuma ennyama. Maana yake, meno yaliyo pamoja ndiyo yanayotafuna nyama. Watu huitafsiri haraka kuwa umoja ni nguvu, wakamaliza hapo. Lakini methali yenyewe haitaji nguvu. Inazungumza juu ya nafasi kati ya jino na jino. Mtu mwenye meno makubwa na magumu, lakini yaliyotawanyika, nyama inamponyoka. Jamaa iliyogawanyika, baba Salamabila, mama Kasongo, watoto wawili Uganda, inaielewa methali hiyo kuliko darasa lolote.

Luganda kina pia neno omwagaanya, uwazi mwembamba wa kupenya, na wanalitumia vilevile kwa maana ya kupata nafasi ya kufanya jambo, kama sisi tunavyosema nimepata mwanya. Lakini neno la Luganda ninalolionea wivu ni lingine. Sisi tunasema mulango kwa vitu viwili. Wao wana maneno mawili. Oluggi ni kile kinachofunga, yaani ubao au bati au matete yaliyosukwa. Omulyango ni uwazi wenyewe, pale mtu anapopitia. Mnajua vizuri kinachotokea vijijini watu wakikimbia: wanaobaki kupora wanang'oa mbao za milango, madirisha na manjanja ya juu. Halafu kijana anatumwa kwenda kuchungulia, anarudi anasema, "Mulango haupo." Jamaa wanalia wakidhani nyumba imeanguka. Mganda angesema oluggi limekwenda lakini omulyango upo, na kila mtu angejua kwamba kuta zimesimama na kazi iliyobaki ni ya fundi seremala.

Hata ukoo Waganda wanauhesabu kwa maneno ya nyumba. Mkuu wa ukoo wote ni wa akasolya, kilele cha paa. Chini yake kuna amasiga, mafiga ya kupikia, na ukiendelea kushuka unafika oluggya, ua wa nyumbani, mpaka ennyumba yenyewe. Warundi, ambao wengi wetu tumepata hifadhi kwao, wanasema umuryango kwa mlango na kwa jamaa, neno ni lile lile. Na Kiswahili cha pwani nacho kinajua mlango kwa maana ya tawi la ukoo. Kwa hiyo mtu akiulizwa ni wa mlango gani, haulizwi juu ya mbao. Nyumba inaweza kuchomwa, mbao zikabebwa, na bado akawa na jibu.

Nimetaja pwani kwa sababu Kiswahili chetu, kile ambacho vitabu vinakiita Kingwana kwa sababu ya waungwana waliokileta, kiliingia kwa miguu ya misafara. Waliokibeba walikuwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, pamoja na wapagazi wao. Mkubwa wao, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Kabla ya kufa Unguja mwaka 1905 aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazitangaza mwanzoni mwa karne ile. Ndani yake kuna kisa ambacho kila jamaa iliyopotelewa na mtoto ingefaa kukijua.

Ng'ambo ya Lualaba, kuelekea Lomami, kulikuwa na sultani mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Zamani, dada zake wawili walikuwa wametekwa vitani na kupelekwa Urua, na hawakurudi tena. Tippu Tip alizipata habari hizo kabla hajafika kwa mzee. Akazishika vizuri, majina na yote. Alipofika alijitambulisha kuwa mjukuu: bibi yake, alisema, alikuwa mmoja wa wale dada waliochukuliwa. Mzee alimpokea kama damu yake iliyorudi na akamkabidhi utawala. Nchi kubwa ikaanza kumletea pembe bila vita. Tippu Tip mwenyewe anakisimulia kisa hiki bila haya, kama mtu anayeeleza alivyoshinda karata.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki husifu akili yake. Mimi huwa namfikiria mzee. Alikuwa na pengo la miaka mingi, na mtu yeyote ambaye angekuja na umbo la jino lile angekaa pale. Si ujinga. Ni jinsi pengo lilivyo. Leo pia kuna watu wanaozunguka kwa jamaa waliohama wakisema tumemwona mtoto wako, tupe kidogo cha usafiri tukuletee. Anayekuja na habari hizo mwulize mambo ambayo hayakusemwa redioni na ambayo jirani hayajui: kovu, jina la utani, mtoto alikuwa anamwita nani bibi.

Kuna uwazi mwingine ambao historia yetu imeuandika kwa damu, nao ulikuwa wa maji. Msafiri Mskoti David Livingstone alifika upande wa Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, mwaka 1869, na akakwama pale miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Alitaka mitumbwi ya kuvuka. Hakupata. Wenye mitumbwi walikuwa na sababu ya kumwogopa mgeni anayetafuta kuvuka, maana ng'ambo kulikuwa na jamaa zao, na wageni waliokuwa wanaingia nchi hii walifuata pembe na watu. Mto ulikuwa mulango, na Wagenya ndio walioshika ufunguo. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika akakuta hali ile ile, akageuza njia. Ni Stanley aliyepita, Novemba 1876, lakini baada ya kuahidi kumlipa Tippu Tip dola 5,000 amsindikize na watu wenye bunduki.

Turudi kwa Livingstone. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe. Watu kama 1,500 walikuwa wamekuja, wengi wao wanawake wenye samaki, kuku, chumvi na vyungu. Ubishi ulianza juu ya bei ya kuku, na watu wa misafara wakaanza kupiga bunduki katikati ya soko. Wanawake wakatupa vitu wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa mingi, imepangwa ndani ya kijito kidogo kinachoingia mtoni, na mdomo wa kijito ulikuwa mwembamba. Mitumbwi ikabanana. Hakuna uliotoka vizuri. Wapigaji wengine walikuwa karibu na kijito na wakaendelea kupiga. Watu wakaruka majini wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na maji yakawachukua mmoja mmoja. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone aliandika habari hizo kwa wino wa matunda ya porini, juu ya karatasi za gazeti kuukuu, kwa kuwa karatasi nyeupe zilikuwa zimemwishia. Kama mtu wa habari, jambo hilo huwa linanirudia kila ninapolalamika kwamba betri ya kinasa sauti imekwisha. Taarifa yake ilifika Uingereza na ikasaidia kusukuma mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Lakini mtu mmoja ndani ya taarifa ile simsahau. Mmoja wa wafanyabiashara alituma watu kwa mtumbwi kwenda kuokoa waliokuwa wanazama, wakawatoa watu 21. Mwanamke mmoja alikataa kupanda. Aliona huo si mlango wa kutokea, ni wa kuingia utumwani, akachagua kuendelea kuogelea. Hakuna aliyeandika kama alifika.

Nasema haya kwa ajili ya jambo la leo kabisa. Tukipanga mahali pa kukusanya watu, soko au kanisa au msikiti au shule, tunahesabu kama watu wataenea ndani. Swali la Nyangwe ni la kutoka: watu wote wakikimbia kwa wakati mmoja, watapitia wapi, na mdomo wa njia hiyo una upana gani? Wenye kamati za wahami mnaweza kulitembelea swali hili kwa miguu, saa moja tu, bila msaada wa shirika lolote.

Panda mto kutoka Kasongo, karibu na Kongolo, na utakuta jina ambalo Wazungu waliliweka: Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu. Pale Lualaba, mto mpana tunaoujua, unabanwa na miamba mpaka upana wa kama mita 100, na maji yanapita kwa hasira, chombo hakipiti. Chini ya hapo mto unatulia na vyombo vinaweza kutembea kutoka Kasongo hadi Kibombo, halafu maporomoko yanaanza tena mpaka Kindu. Wabelgiji hawakujaribu kuupanua mlango ule. Waliuzunguka. Reli ya Kindu hadi Kongolo, km 355, ilikamilika mwaka 1910, na watu wa Kibombo na Samba wamekua wakisikia treni kwa sababu mto ulikataa. Waliobeba udongo na mataruma ya reli ile walikuwa watu wa huku, na si kwa kupenda wote.

Kuhusu ufa nitasema machache, kwa kuwa methali yake kila mtu anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ilizaliwa pwani kwenye nyumba za mawe na chokaa. Kwenye nyumba zetu za miti na potopoto maana yake inabadilika kidogo. Ukikandika ukuta mara ya kwanza, potopoto likikauka ni lazima lipasuke. Huo si ubaya wa fundi. Unangoja nyufa zote zijionyeshe, ndipo unakandika mara ya pili na kuziba. Anayeziba mapema, ukuta ukiwa bado na maji ndani, atapasukiwa tena. Nimewaona wapatanishi wanaokuja asubuhi kati ya vijiji viwili vyenye ugomvi, wanapigisha watu mikono, wanapiga picha, jioni wameondoka. Ukuta ule ulikuwa bado mbichi.

Na nafasi? Hili ni neno la Kiarabu kwa asili, ndugu wa pumzi. Jamaa anayepokea wahami watu tisa katika nyumba ya vyumba viwili anaposema hana nafasi, anasema kweli kwa maana zote mbili. Tuna methali ya kumsaidia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni nzuri, haimfukuzi mgeni, inamgeuza mwenyeji. Ila methali imetaja jembe, haikutaja shamba. Tangu vita vya 1996 na 1998, mpaka mapigano ya kuzunguka Salamabila na mgodi wa Namoya, watu wa kusini mwa Maniema wamepewa majembe mengi, na mbegu pia. Kipande cha kulima wanakiomba kwa sultani au kwa mwenye ardhi, msimu kwa msimu, na wakishapalilia vizuri wengine wanaambiwa mwenyewe anakitaka. Viongozi wa vijiji vinavyopokea wakubaliane mapema, mbele ya mashahidi, kipande ni cha misimu mingapi. Hiyo ndiyo nafasi ninayoiona inakosekana kuliko chumba.

Kwetu kwenye maikrofoni tumeanza kuzoea namna hii: hatusemi tena njia imefunguka kama hatuwezi kusema nani ameifungua. Tunasema nani amepita, saa ngapi, kwa nini, na alifika wapi. Tangazo linakuwa refu kidogo na wengine wananung'unika kwamba muziki unachelewa.

Ninachoomba ni maneno. Kibangubangu, Kikusu, Kizimba, kila lugha ya hapa ina neno lake la jino lililotoka na neno lake la meno yaliyoachana tangu kuzaliwa, na methali zinazokwenda nayo. Mzee mwenye maneno hayo aje studio siku ya soko, au mjukuu wake amrekodi kwa simu atutumie sauti. Mtaje na kijiji, hata kama hamkai tena huko.